Jinsi ya kusoma riwaya za upelelezi na kuzihakiki bila kumwaga mtama

Maswali ni yale yale. Nianze na kitabu gani? Ni lazima nimbashiri muuaji? Nitaandikaje kuhusu kitabu ambacho utamu wake wote uko kwenye siri, nami siruhusiwi kuitaja hiyo siri? Na lile linaloulizwa kwa haya kidogo: mtu ambaye hakusomea fasihi anaweza kuhakiki? Anaweza. Mwongozo huu ni wa yule anayesoma riwaya hizi kwa kujifurahisha, na sasa anataka kuandika maneno yatakayomsaidia msomaji mwingine kuamua asome au aache.

Nikwambie mapema ninachokiamini, maana hatua zote zinakitegemea: uhakiki mzuri wa riwaya ya upelelezi huanza kuandikwa kabla hujajua nani aliua. Ukishajua, huwezi tena kukumbuka ulikuwa unamshuku nani na kwa sababu gani. Mambo yote yanajifanya yalikuwa wazi tangu ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuyanasa mawazo yako ungali gizani.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari dogo na penseli. Simu inafaa kuandikia, ila simu hiyo hiyo ndiyo yenye jibu la fumbo kwa mguso mmoja. Mimi napendelea karatasi.
- Vipande vyembamba vya karatasi vya kuweka alama kwenye kurasa. Kitabu cha kuazima hakichorwi hata kwa penseli.
- Kitabu chenyewe, cha karatasi au cha kielektroniki. Cha kielektroniki kina faida moja kubwa: unaweza kutafuta neno ukaona limetajwa wapi na wapi. Utaihitaji faida hiyo kwenye hatua ya sita.
- Muda wa kukaa. Riwaya hizi zina majina mengi na saa nyingi. Ukizisoma kurasa nne leo na nyingine tatu wiki ijayo, utakuwa unaanza upya kila mara.

Huhitaji kuwa umesoma vitabu mia, wala kujua istilahi za wahakiki.

Hatua ya 1: Tambua umeshika riwaya ya aina gani

Nadharia yote ya mwongozo huu iko hapa, nayo si ndefu. Vitabu vinavyowekwa rafu moja kwa sababu vyote vina maiti havichezi mchezo mmoja.

Kuna riwaya ya fumbo: washukiwa wachache, dalili zimetawanywa, na msomaji anashindana na mwandishi. Agatha Christie ndiye jina linalokuja kwanza. Kuna riwaya ya kachero wa mitaani, ya akina Dashiell Hammett na Raymond Chandler, ambamo mji mzima umeoza na fumbo ni kisingizio cha kutembezwa ndani yake. Filamu ya The Big Sleep ilipokuwa ikitengenezwa, watengenezaji wa filamu hiyo walimuuliza Chandler nani alimuua dereva katika riwaya yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, hata yeye hakujua. Riwaya hiyo ya 1939 inasomwa mpaka leo.

Kuna riwaya ya polisi kazini: ripoti, kusubiri majibu, askari wenye mafua na ndoa zinazoyumba. Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi waliandika riwaya kumi za namna hii kati ya 1965 na 1975. Kuna riwaya iliyogeuzwa, ambayo R. Austin Freeman aliijaribu katika kitabu chake cha visa cha mwaka 1912: unamwona mhalifu akitenda, kisha swali linakuwa atanaswaje. Kuna inayokaa ndani ya kichwa cha mhalifu, kama alivyofanya Patricia Highsmith kwa mhusika wake Ripley kuanzia 1955. Na kuna ya mapambano na ujasusi, ambako kasi ndiyo kila kitu. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa.

Kosa linalofanyika kila siku: kuilaumu aina moja kwa sheria za nyingine. Ukiandika kwamba kitabu cha Highsmith ni kibovu kwa sababu "muuaji nilimjua mapema", umejihakiki mwenyewe. Kurasa thelathini za kwanza zinatosha kukuonyesha ni mchezo gani unaochezwa. Uandike juu ya ukurasa wa daftari lako.

Hatua ya 2: Chagua kitabu cha kwanza

Chagua kifupi. Visa vifupi vya Sherlock Holmes alivyoandika Arthur Conan Doyle ni 56, mbali na riwaya nne, na kisa kimoja humalizika kwa kikao kimoja. Ni mazoezi mazuri ya daftari. Kwa Kiswahili, Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ni mwanzo ambao hujutii: *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 ikachapishwa mwaka 1960, na Kiswahili chake peke yake kinatosha kukuweka kitini. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya 1965, nayo ni fupi na haikuzungushi.

Kama kitabu ni cha mfululizo, angalia ni cha ngapi. Kuna mifululizo isiyojali mpangilio: Maigret, mpelelezi wa Georges Simenon, unaweza kumwokota popote. Kuna mingine ambayo kitabu cha tano kinakwambia waziwazi nani alikufa kwenye cha pili. Sjöwall na Wahlöö anza na cha kwanza.

Tahadhari moja ya mfukoni: vitabu vya zamani vya Kiingereza mara nyingi vilitoka Uingereza kwa jina moja na Marekani kwa jina jingine. *Murder on the Orient Express* ya 1934 iliuzwa Marekani kama *Murder in the Calais Coach*. Tazama ukurasa wa haki miliki kabla hujalipia kitabu ambacho tayari unacho.

Hatua ya 3: Jikinge

Soma mistari miwili ya kwanza ya jalada la nyuma, uishie hapo. Wachapishaji wana tabia ya kusimulia mpaka katikati. Dibaji na utangulizi wa matoleo mapya ya vitabu vya zamani viache mpaka mwisho. Huandikwa na wasomi wanaodhani kila mtu ameshasoma, nao hutaja jina la muuaji katika sentensi isiyo na haraka yoyote.

Na usitafute jina la mhusika mtandaoni ukiwa katikati ya kitabu, hata kama unataka tu kujua linavyotamkwa. Ukianza kuandika herufi, kisanduku kinakumalizia chenyewe: jina, kisha "alikufaje".

Hatua ya 4: Soma mara ya kwanza, daftari likiwa wazi

Fungua kurasa tatu za daftari.

*Watu.* Jina, uhusiano wake na marehemu, anapata nini marehemu akishaondoka, anasema alikuwa wapi, na nani mwingine anathibitisha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayolipa. Mara nyingi utakuta watu wawili wanathibitishana wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa tatu.

*Saa.* Andika saa kama zilivyosemwa, pamoja na aliyesema. "Saa tatu usiku" na "saa tatu usiku, kwa mujibu wa mpishi" ni vitu viwili tofauti.

*Vinavyokwaruza.* Hapa unaweka chochote kilichokugusa vibaya hata kama hujui kwa nini. Tuchukue riwaya ya kubuni: mzee tajiri amekutwa amekufa maktabani mwake, na watu watano walilala nyumba hiyo. Ukurasa wako ungeweza kusomeka hivi:

> Uk. 19. Saa ya ukutani imesimama. Imetajwa mara mbili. Kwa nini mara mbili?
> Uk. 31. Mpwa anasema alisikia mvua usiku kucha. Uk. 22 mtunza bustani alikuwa anamwagilia maua asubuhi ile. Nani anasema kweli?
> Uk. 47. Daktari anajua barua ilikuwa ya wino wa kijani. Aliiona lini?
> Uk. 60. Kila mtu anamchukia wakili. Mno. Namwondoa kwa sasa.

Angalia yalivyoandikwa. Hakuna hata moja linalosimulia hadithi. Yote ni maswali au mashaka, na yote yana namba ya ukurasa. La pili limezaliwa kwa kuweka kauli mbili za watu wawili upande kwa upande, kazi ambayo kumbukumbu tupu haiiwezi. La nne ni la namna nyingine kabisa. Hapo hujatumia ushahidi, umetumia uzoefu: unajua waandishi hawapendi kumpa hatia mtu anayechukiwa na wote. Si vibaya, ila liwekee alama yake, herufi moja pembeni inatosha. Baadaye utataka kujua kama ulimnasa muuaji kwa dalili au kwa kumzoea mwandishi. Kwenye uhakiki hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa, uangalie wapi? Dalili hufichwa mahali pachache, na ukishapajua, unasoma kwa macho mengine. Mahali pa kwanza ni katikati ya orodha. Mwandishi akikutajia vitu saba vilivyokuwa mezani, jicho hushika cha kwanza na cha mwisho. Basi cha nne kiangalie vizuri. Mahali pa pili ni sekunde moja kabla ya kishindo. Mtu anasema jambo dogo, halafu mlango unapigwa teke au mwanamke anapiga kelele ghorofani, nawe unakimbilia kelele. Rudi usome sentensi iliyotangulia. Pa tatu ni kwenye kichekesho, maana hakuna anayechukua ushahidi kutoka kwenye utani. Pa nne, na hapa ndipo wazoefu nao hunaswa, ni kinywani mwa mtu asiyeaminika: mlevi, mtoto, bibi anayesahau majina. Kila mtu kwenye riwaya anampuuza, nawe unampuuza kwa adabu.

Tahadhari: usiandike kila kitu. Daftari likijaa kuliko kitabu, unafanya kazi ya karani. Ukiona unaandika zaidi ya mistari miwili kwa kurasa kumi, punguza.

Hatua ya 5: Simama kabla ya ufumbuzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu wote, nami nasema bila hii hakuna uhakiki, kuna muhtasari.

Utajuaje umefika? Mpelelezi anaomba watu wote wakusanyike sebuleni. Au anapiga simu ambayo maneno yake hatuyasikii. Au anasema "nimekuwa mjinga" kisha anavaa koti. Katika riwaya za polisi alama huwa ni matokeo ya maabara au shahidi aliyekuwa safarini kurudi. Baadhi ya waandishi walikurahisishia: riwaya za mwanzo za Ellery Queen, kuanzia 1929, zilisimamisha hadithi na kumwambia msomaji kwamba dalili zote anazo, ajaribu mwenyewe.

Funga kitabu. Andika mistari minne: nani, kwa njia gani, kwa sababu gani, na ni kurasa zipi zinazokufanya useme hivyo. Ongeza neno moja la kiwango cha uhakika: dhana, nusu, au naapa. Kama huna jina hata moja, andika washukiwa wako wawili na kinachokuzuia kuchagua.

Usifute baadaye. Mtu asikudanganye kwamba kukosea ni aibu. Riwaya ya fumbo iliyoandikwa vizuri imekusudiwa ukosee. Kinachohesabika ni *jinsi* ulivyokosea. Je, mwandishi alikupeleka pembeni kwa ufundi, au alikuficha kitu ambacho ulistahili kukiona? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha utakachoandika.

Hatua ya 6: Maliza, kisha rudi nyuma

Soma mpaka mwisho bila kalamu, ujipe raha yako. Kisha chukua zile karatasi za alama urudi kwenye kurasa zinazohusika. Si lazima usome kitabu kizima upya.

Unachotafuta ni haki: msomaji alipewa nafasi ya kweli? Suala hili lina historia yake. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya hizi, alitoa kanuni kumi, nusu kwa utani. Mhalifu awe ametajwa mapema. Mpelelezi asishike dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa. Mapacha wasizuke bila sisi kuandaliwa. Njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja. Mwaka uliofuata waandishi wa Uingereza walianzisha Detection Club, na mwanachama mpya alikula kiapo cha kutomchezea rafu msomaji.

Usizichukue kanuni hizo kama sheria ya kumfungia mtu. Mwaka 1926 Christie alitoa riwaya iliyowagawa wasomaji, wengine wakisema amedanganya, wengine wakisema kila neno alilolihitaji msomaji lilikuwa palepale ukurasani. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya jambo moja, nami silitaji, wala kitabu sikitaji, kwa sababu kuna mtu anasoma hapa ambaye bado hajakifikia. Mabishano ya vizazi juu ya haki katika kitabu kimoja yanakuonyesha kwamba swali hili si la kijinga.

Nikirudi nyuma, najiuliza haya:

- Dalili iliyomfunga muuaji niliiona kabla? Ukurasa gani?
- Mpelelezi alifika kwa hoja, kwa bahati, au kwa sababu mtu alikiri? Kuna ile tabia ya muuaji kusimama na bastola akaeleza kurasa sita nzima alivyopanga. Huo ni mwandishi aliyeishiwa.
- Dalili za kupotosha zimepata maelezo, au zimeachwa zikining'inia? Kama saa ya ukutani ilisimama, kuna mtu aniambie ilisimamishwa na nini.
- Sababu ya kuua inamtosha mtu huyu?
- Kuna aliyefanya upumbavu ili tu hadithi iendelee? Shahidi anayesema "siwezi kukwambia kwa simu, njoo kesho" anajulikana hatafika kesho.

Hatua ya 7: Lala kwanza

Hasira ya kudanganywa na furaha ya kupatia zote huvimbisha kalamu. Andika kesho yake.

Hatua ya 8: Andika

Mpangilio si msahafu, lakini huu unafanya kazi: sentensi mbili tatu za hali ilivyo mwanzoni; kitabu kinataka kuwa cha aina gani; kinafanikiwa wapi na kinalegea wapi, kwa mifano; na kitamfaa msomaji gani. Hadithi yenyewe isizidi robo ya kwanza ya kitabu. Tukio linalotokea baada ya hapo, hata kama si ufumbuzi, mwachie msomaji. Kifo cha pili ni mali yake.

Ugumu ni kwamba siri hutoka hata pasipo jina kutajwa. Chunga sentensi hizi:

*"Muuaji ni mtu ambaye hungemdhania kabisa."* Umeshawaondoa washukiwa wote wa wazi. Msomaji ataanza ukurasa wa kwanza akimtazama mtumishi mpole.

*"Mwisho wake utakuacha mdomo wazi."* Sasa anajua kuna mgeuko wa ghafla unakuja, na atausubiri badala ya kusoma. Hili ndilo kosa linalopendwa kuliko yote, na hata majalada hulifanya.

*"Mjane amechorwa kwa ustadi wa ajabu."* Kwa nini mjane peke yake, kati ya watu watano? Ukisifu mhusika mmoja, sifu na mwingine.

*"Kimenikumbusha kile kitabu maarufu cha..."* Kama ufumbuzi wa hicho maarufu unajulikana, umetoboa vyote viwili kwa pigo moja.

Badala yake sema unachoweza kukithibitisha bila kuelekeza kidole: dalili zilikuwepo au hazikuwepo, hoja ilisimama au haikusimama, kasi ilipungua wapi. Kwa ile riwaya yetu ya kubuni, aya ya kati ingeweza kuwa hivi:

> Mzee anakutwa amekufa maktabani, saa ya ukutani imesimama, na waliolala nyumba hiyo hawakubaliani hata kama mvua ilinyesha. Theluthi ya kwanza imefumwa vizuri. Kila mazungumzo yanakuachia swali. Katikati tunazungushwa kwenye mahojiano yanayorudia yale tuliyokwisha kusikia, na hapo nilianza kuhesabu kurasa zilizobaki. Ufumbuzi unasimama: niliporudi nyuma nilikuta dalili mahali nilipopita macho yakiwa kwingine. Kinachopwaya ni sababu ya kuua, ambayo inategemea jambo la zamani tunaloelezwa tukiwa tumeshafika mwisho.

Hakuna jina, lakini aliyekisoma kitabu atajua unazungumzia nini, na ambaye hajakisoma amejua kama kinamfaa. Kumbuka pia kwamba lawama ya mwisho imesema kosa lilipo. "Sikupenda mwisho" haimsaidii mtu.

Nyota ukitaka weka, ila kwangu ni mapambo. Kitabu chenye fumbo la nyota tano na wahusika wa nyota mbili utakipa ngapi?

Kama ufumbuzi ni lazima ujadiliwe, na kuna vitabu ambavyo bila kuugusa huna la kusema, uweke mwishoni kabisa chini ya onyo lililo wazi, nafasi tupu ikitangulia. Onyo litaje jina la kitabu. Ukilinganisha vitabu viwili na kutoboa vyote, onya kwa vyote viwili.

Hatua ya 9: Kagua kabla ya kutoa

Majina ya wahusika, tahajia yake. Mwaka wa kitabu: tofautisha mwaka kilipotoka mara ya kwanza na mwaka wa toleo ulilonalo. Kama ni tafsiri, mtaje mfasiri; lugha uliyoisifu au kuilaumu ni yake pia.

Kisha kuna kipimo kimoja ambacho hakijapata kuniangusha. Mpe uhakiki wako mtu ambaye hajasoma kitabu, akimaliza muulize: unamshuku nani? Akitaja jina, sahihi au si sahihi, kuna sentensi inaelekeza. Itafute uibadilishe.

Mambo yakikwama

*Nachanganya majina.* Orodhesha kila mtu anapoingia na jambo moja la kumkumbukia: kigugumizi, kofia, deni. Riwaya za zamani mara nyingi zina orodha ya wahusika mwanzoni. Weka alama hapo urudi bila soni. Ukiwa unasoma riwaya za kutoka Urusi au Japani, tegemea mtu mmoja kuitwa kwa zaidi ya jina moja.

*Namjua muuaji mapema kila mara.* Tazama herufi ulizoweka pembeni. Kama unamnasa kwa kumzoea mwandishi, badilisha mwandishi, au hamia aina nyingine ya riwaya. Kama ni kwa dalili, hongera. Kwenye uhakiki useme dalili zilikuwa wazi mno, lakini usiseme ulijua ukurasa wa ngapi: wasomaji watakwenda kuuangalia.

*Sijawahi kupatia hata mara moja.* Chukua visa vifupi, usimame katikati ya kila kimoja. Na acha kutafuta "nani". Anza na "njia gani". Njia ikijulikana, walioweza kuitumia huwa wachache.

*Nimechoka katikati.* Acha. Unaweza kuandika juu ya kitabu usichokimaliza, mradi useme umeishia ukurasa gani na kwa nini, na usihukumu ufumbuzi ambao hukuusoma.

*Mtu amenitobolea siri.* Soma kama riwaya iliyogeuzwa: unamjua mhalifu, basi mfuatilie anavyofichwa. Utaona ufundi ambao wengine hawauoni. Uandike wazi kwamba ulikuwa unajua.

*Tahakiki zangu zote zinafanana.* Kwa sababu unaanza zote na muhtasari. Anza na lile jambo la daftarini lililokusumbua zaidi, hata kama ni dogo. Daktari na wino wa kijani ni mwanzo mzuri kuliko "riwaya hii inahusu".

*Ukatili unanikaa kichwani.* Si kila riwaya ya uhalifu inamwaga damu ukurasani. Zile za fumbo za miaka ya 1920 na 1930 kwa kawaida zinaiacha maiti nje ya pazia. Unapohakiki chenye ukatili, sema kiasi na aina yake, hasa kama kinahusu watoto au ubakaji. Hilo si kutoboa siri. Ni taarifa ambayo msomaji anastahili kuwa nayo kabla hajafungua kitabu.

*Mwandishi ni rafiki yangu.* Sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza, au mwachie mwingine akihakiki.